Kipande cha Nne cha Tope

Nilitoka Usagara kwa sababu moja tu: nilitaka kazi. Bwana Mpimaji, Mzungu aliyekuwa akichimbua matope ya maziwa, aliniahidi ukarani wa kudumu nikimfikishia ofisini kwake Raskazone, mjini Tanga, vipande kumi vya tope, vyote salama. Alisema humo mna kaboni, na kwamba hiyo ndiyo hutoa umri wa tope, tukajua mvua na ukame wa kale vilikuja lini. Mimi kaboni niliyoijua ni ile karatasi ya kupigia chapa. Nikaitikia, "Ndiyo, bwana."

Jumatatu asubuhi garimoshi lilitushusha Korogwe, tukaenda kwa miguu hadi ziwani. Siku tatu tulizamisha bomba, tukatoa tope, tukalikata vipande na kuvipa namba. Tisa vilikuwa vyeusi. Cha nne kilikuwa cheupe, laini, kinanukia ardhi iliyonyeshewa. "Hapa ziwa lilikauka," Bwana akasema, almanusura akibusu. Kisha tumbo likamkorofisha, akatangulia Tanga, akaniachia vipande nivikaushe.

Siku ya nne, uani kwa mwenyeji wetu Mzee Semhando, nikakuta cha nne hakipo. Mkwewe Amina, mja mzito wa miezi saba, alikuwa anajifuta midomo.

"Shemeji, udongo mweupe umeuona?"

"Nimeula miye. Mtamu kushinda wa sokoni! Kwani una mwenyewe?"

Nikamgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Umesikia?"

"Marahaba. Weye umeanika udongo mbele ya mja mzito, sasa wamlilia nani?"

Nilitaka kulia kweli. Ukame wa mababu ulikuwa tumboni mwa Amina, pamoja na kazi yangu. Nikashuka ziwani, nikachota tope la ukingoni, nikalikoroga na majivu hadi likapauka, nikaandika nne.

Jumapili nilifika Raskazone kifua mbele, nikapewa kazi. Nilikaa mezani miezi minane, hata posa nikapeleka.

Ndipo barua ikaja kutoka Ulaya, tope lilikopimwa. Vipande tisa vilikuwa vya kale, cha chini kizee kuliko cha juu. Cha nne kilikuwa cha juzi.

Nikaeleza yote. Bwana alicheka hadi machozi, nikadhani nimesamehewa. Alipomaliza kucheka akanifukuza.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema, "tungechimba shimo jingine pembeni."

Hilo ndilo nililorudi nalo Usagara: udongo ule ulikuwa umetandaa chini ya ziwa zima, nami nikauficha upungufu wake kwa majivu.