Mstaafu Anayelala Porini

Jirani yangu wa Nzuguni, karani mstaafu, hubonyeza matairi ya baiskeli kwa dole gumba kama anayechagua maparachichi gengeni, kisha hufunga hema nyuma na kwenda kulala kwenye vilima vya Haneti, ingawa kitanda anacho. Juzi wazee wa huko, wakidhani amefukuzwa, walimrudisha kwa mkewe. “Mama, tumemkuta kichakani. Msamehe mumeo. Baiskeli tutaileta mkishapatana.” Yeye, kofia ngumu kichwani, akanong'ona kwa sauti yake ya ofisini, “Mke wangu, kubali tu kwamba ulinifukuza, baiskeli irudi.” “Nitafikiria,” akajibu mkewe, akiendelea kupeta ulezi. Mimi nikawauliza wazee kama kichaka hicho wamekikagua chote, maana mume wangu naye aliondoka na cherehani yangu.