Riwaya Iliyoandikwa kwa Simu ya Mama

Wiki haipiti bila mtoto wa sekondari kuniandikia. Wengi hata hawaniamkii, wanaingia moja kwa moja: dada, nifanyeje riwaya yangu itoke? Nikiuliza imefika wapi, naambiwa sura ya pili, ila jalada limeshachorwa. Nimechoka. Sijafika miaka thelathini na nimechoka kama niliyelea watoto kumi. Hata hivyo nawajibu, maneno yale yale. Maliza kwanza. Mpe mtu asiyekupenda sana akusomee. Tafuta mchapishaji anayetoa vitabu vya aina yako, umpelekee anachotaka yeye. Anayekudai hela ili akuchapie, mkimbie. Halafu naongeza jambo ambalo wote wanaliruka: mwambie mama yako.

Yangu niliianza nikiwa kidato cha tatu, Mlingotini, kwa simu ya mama. Mama analima mwani. Simu yake ya kwanza iliingia maji ya chumvi ikafa, na hii ya pili akaapa haitaiona bahari. Kwa hiyo bamvua, siku ambazo bahari hutoka mbali, likiangukia Jumamosi au likizo, maji yakitoka yeye anashuka na kamba zake, simu inabaki kitandani. Hapo ndipo nilipoandika, kwa kidole gumba, mpaka nisikie ndoo yake uani. Maji yakichelewa kujaa, sura inakuwa ndefu. Baadaye niliulizwa kwa nini sura zangu hazilingani, nikajibu ni maji ya bahari.

Mama sikumwambia. Angedhani nachati na wavulana, na riwaya yenyewe ilikuwa na mwanamke anayewaacha wanawe akaolewe mbali. Nilibuni tu, lakini nenda ukamweleze hivyo mtu aliyekuzaa.

Ilipokwisha niliitoa kwenye karatasi katika steshenari ya Bagamoyo mjini. Mwalimu wangu wa Kiswahili akaisoma, akanirudisha niandike upya mwanzo wote, kisha akaupeleka mswada mwenyewe kwa mchapishaji mmoja Dar. Baruapepe sikuwa nayo. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika jina langu, shule yangu na namba ya mama.

Nikangoja. Kila nikiishika simu, cha kwanza kuangalia kilikuwa ujumbe, na ujumbe ulikuwa wa vifurushi. Muhula ukaisha, ukaja mwingine, mwalimu akahamishwa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa nimeshajihukumu kwamba sijui kuandika. Kungoja kunachosha kuliko kuandika, na hilo hakuna aliyenionya.

Nilipomaliza shule nikasema liwalo na liwe. Nikapita Kerege kwa shangazi kuazima viatu, nikaenda Dar kuudai mswada wangu. Mhariri alikuwa mama wa makamo, miwani moja kichwani na nyingine machoni. Nikamwamkia, nikajitaja. Akaniangalia sana.

"Wewe tulikutafuta," akasema. "Riwaya yako tuliitaka. Ila ulikuwa hujatimiza miaka kumi na minane, na mkataba wa mtoto lazima asaini mzazi. Mimi mwenyewe nikampigia mama yako. Akaniambia hana mtoto."

Alipopiga tena, simu haikupita. Nafasi yangu wakampa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Niliamini kabisa kwamba mama aliikuta riwaya ndani ya simu, akamsoma yule mwanamke anayewaacha wanawe, akaona nimemsema yeye, na alipoulizwa akanikana. Iliniuma kuliko kukosa kitabu. Siku kadhaa sikumsemesha zaidi ya shikamoo. Yeye akadhani naumwa, akawa ananipikia uji wa pilipili manga. Mwisho nikashindwa. Nikamkuta uani anaanika mwani, nikamuuliza kwa nini alimwambia mtu wa Dar kwamba hana mtoto.

Mwanzoni hakukumbuka. Kisha akaacha kazi.

"Yule mwanamke aliyetaja jina lako na shule yako?" akauliza. "Ulipokuwa kidato cha pili, mtu alinipigia hivyo hivyo. Jina lako analijua, shule anaijua. Ameanguka, kavunjika mguu, tuma hela ya hospitali haraka. Nikatuma mpaka ya kuazima, nikakimbilia shuleni na nguo za baharini. Nikakukuta unacheza netiboli. Tangu siku ile, nisiyemjua akiniulizia mtoto, namba yake naifungia, na mtoto sina."

Siku ile niliikumbuka. Alisimama pembeni ya uwanja anachuruzika maji, akaniangalia, akaondoka. Nikakaa chini nikamweleza yote, nikalia kwa hasira ambayo sikujua nimpelekee nani, maana matapeli wenyewe hata sura zao hatuzijui. Mama hakujitetea. Aliuliza kitabu kinasema nini. Nikamsomea, jioni baada ya jioni. Tulipofika kwa yule mwanamke, alisema tu kwamba mtu haondoki hivyo, lazima arudi kwanza kuangalia kama wamelala. Sura ile nikaiandika upya.

Mhariri alikubali kuusoma mswada tena. Kilichofuata kilikuwa kazi ya punda: anakata, nashona, napeleka, narudishiwa. Mpaka mkataba unatoka nilikuwa nimeshatimiza umri, na ile furaha niliyoiweka akiba siku zote hizo sikuiona. Nilitaka kulala tu. Mama ndiye aliyeng'ang'ania twende wote, akavaa baibui lake la sikukuu. Ofisini mhariri akamweleza kwa heshima kwamba saini yake haihitajiki tena, binti sasa ni mtu mzima.

Mama hakuinuka.

"Dada yangu, mimi ndiye uliyenipigia," akamwambia. "Nilikujibu sina mtoto. Ninaye. Ni huyu hapa."

Mhariri alivua miwani. Akaupekua mkataba mpaka mwisho, akamwonyesha mahali pa shahidi. Mama akaandika jina lake, na palipotaka cheo akaniuliza aandike nini, mkulima au nani. Akaandika "mama yake", akarudisha kalamu, akauliza kama kuna msikiti karibu, adhuhuri isimpite.