Mama Mita Anapatana Bei na Presha

Katika safu nzima ya maduka ya vitambaa, hakuna aliyewahi kumuuzia Mama Mita kitu kwa bei aliyomtajia mwanzo. Jina lenyewe alipewa na wateja kwa sababu ya fimbo ya mita asiyoiweka chini: ndiyo ya kupimia mapazia, ya kufukuzia paka, na ya kuwanyooshea wanaotaja bei za kipuuzi. Alianza miaka ishirini na sita iliyopita na jora moja la kitambaa chenye doa, amelitandaza juu ya boksi, na kila aliposhona pazia doa alilikunjia ndani ya upindo mpaka jora likaisha. Leo ana duka lenye rafu tatu za ukutani, kaunta ya mbao na stuli moja, ambayo ni yake. Mteja husimama. Mteja akikaa, anasema, anapata muda wa kufikiri.

Ukimuuliza siri ya biashara, hatakupigia hadithi za bidii na subira. Atakujibu neno moja: uso. Mtu akitajiwa bei, mdomo unasema ghali, lakini nyusi zinasema kweli. Macho yakirudi kwenye kitambaa mara ya pili, huyo ameshanunua. Kilichobaki ni kelele.

Sasa mtu wa namna hiyo akiingiwa na ukungu machoni, usiulize.

Ulianza polepole. Kwanza alilaumu taa ya duka, akabadilisha balbu mara mbili. Akalaumu miwani. Siku moja akamkatia mteja mita nne za kijani badala ya bluu, akashikilia kwamba ndiyo bluu ya kisasa. Rangi mtu unaweza kuzitetea. Nyuso ndizo zilizomshinda. Kila mteja aliyesimama mbele ya kaunta alikuwa na uso mweupe wa sahani iliyooshwa, hauna nyusi, hauna macho yanayorudi. Akawa anapunguza bei mapema, kwa woga, kama mtu anayeendesha gari kwenye moshi.

Fundi cherehani aliyekaa mlango wa pili, anayemshonea mapazia yake, aliona mchezo wote.

"Mama, yule dada alikuwa ameshafungua pochi ulipompunguzia."

"Pochi gani?"

"Hiyo nyekundu! Kubwa kama godoro, hukuiona?"

"Niliiona," akasema Mama Mita. "Nilimhurumia tu."

Fundi akacheka hadi akakosea mshono. Mama Mita na huruma!

Keshoyake akaenda zahanati. Daktari wa macho akammulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ataanza na la kulia. Upasuaji wenyewe ni mfupi, wala halazwi. Kikundi cha wapasuaji hufika pale mara mbili tu kwa mwaka, na safari hii kingefika baada ya wiki saba. Jina likaandikwa. Kisha nesi akamvisha mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akasoma: mia na themanini na sita kwa mia na nane.

"Siku ya upasuaji namba ya juu ya presha ikifika mia na sitini, sikupasui," daktari akamwambia. "Utangoja kikundi kijacho."

Kikundi kijacho! Nusu mwaka wa kuuza kwa kubahatisha! Angebaki na fimbo tu, duka limekwisha.

Nesi akamketisha kwenye chumba chake kidogo, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kadi ya kliniki iliyokunjwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Utameza kidonge kimoja kila asubuhi, bila kuruka. Halafu chumvi. Kwa siku nzima isifike kijiko kimoja kidogo cha chai. Na hapo nimeweka yote, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na kwenye vidonge vya supu."

"Viwili," akasema Mama Mita.

"Viwili nini?"

"Vijiko."

Nesi akamtazama. "Mama, chini ya kimoja."

"Kimoja na nusu, tusisumbuane."

"Chini ya kimoja. Kutembea, dakika thelathini, mwendo wa haraka wa kukupandisha pumzi kidogo."

"Mimi nasimama dukani kutwa nzima!"

"Umetoka kuniambia dukani kuna stuli moja na ni yako."

Hapo Mama Mita akaacha kubishana. Akamheshimu yule mwanamke. Nesi akaendelea: mboga za majani na matunda kila siku, maharage na dengu zaidi ya nyama ya mafuta, maji badala ya soda, sukari kwenye chai ipungue, usingizi wa kutosha. Mama Mita akaitikia kila kitu, akatoka ameridhika. Njia nzima alikuwa anapiga hesabu.

Kwani yeye mtoto? Bei ya kwanza daima ni mara mbili. Kila anayetaja kitu ameacha nafasi ya kushuka, la sivyo amerukwa na akili. Nesi akisema nusu saa, anataka robo saa. Akisema chini ya kijiko kimoja, viwili havimshtui. Akiwa amejipongeza hivyo, Mama Mita akaanza matibabu kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Alitembea robo saa. Alikula nusu ndizi, nusu nyingine akampa mumewe. Hata kidonge alikikata katikati, kwa mkasi wa mapazia.

Mumewe ni mzee mstaafu aliyepika shule ya bweni miaka ishirini na minane, na hadi leo mtaa mzima unamwita Mpishi. Jikoni kwake haingii mtu. Chumvi huitia kwa ngumi, mkono ukiwa umezoea sufuria la wanafunzi mia nne.

"Nesi kasema tupunguze chumvi," Mama Mita alimwambia.

"Nimepunguza," akasema Mpishi, akatia ngumi moja badala ya mbili.

Wiki ya tatu akarudi kupimwa akiwa na uso wa mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Mia na themanini na mbili.

"Kifaa chako kibovu," akasema.

"Umefanya niliyokwambia?"

"Yote." Na kwa kuwa alijivunia ujanja wake, akaeleza yote: robo saa, nusu ndizi, vijiko viwili, mkasi.

Nesi alipofika kwenye mkasi akaweka kalamu chini.

"Mama. Dukani kwako, kwa nini bei ya kwanza unaitaja kubwa?"

"Ili nipate pa kushukia."

"Mimi sina pa kushukia. Ukila chumvi sipati kitu, usipokula sipati kitu. Ile niliyokutajia siku ya kwanza ilikuwa ndiyo bei ya mwisho. Na kidonge hicho nusu yake si nusu ya dawa, ni kutokunywa dawa. Zimebaki wiki nne."

Mama Mita akajiweka sawa kwenye kiti cha mguu mfupi. Miaka ishirini na sita, na hakuwahi kukutana na mtu anayetaja bei ya mwisho mwanzoni. Ilimtisha kuliko presha.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia mara tatu."

Alitoka pale akiwa na hasira, na hasira kwa Mama Mita ni mtaji. Jioni hiyo hiyo alilichukua kopo la chumvi jikoni, akapima kijiko cha chai kisichojaa kwa ajili yake na kingine kwa mumewe, akavitia kwenye kikombe cha mtoto kilichobaki tangu watoto wao waolewe. Kopo akaenda kulifungia dukani, kwenye droo ya mikasi. Kila asubuhi Mpishi angegawiwa kikombe chake, basi.

Siku ya kwanza Mpishi alionja maharage, akaweka kijiko mezani.

"Haya ni maji ya kufulia."

"Basi yatie ladha. Wewe si mpishi?"

Unaweza kumwambia mzee huyu amezeeka, ana tumbo, anakoroma. Hilo la upishi lakini lilimchoma.

"Nipe limau," akasema hatimaye. "Kitunguu saumu. Tangawizi. Nyanya zilizoiva kabisa, si hizo mbichi unazopatana bei mpaka zinaharibika. Na uniondokee jikoni."

Alikaanga vitunguu taratibu hadi vikawa rangi ya asali, mafuta kidogo tu, akatia saumu mwishoni isiungue, akakamulia limau sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Mama Mita akala sahani nzima, akafuta na mkate.

"Miaka yote ulikuwa unaficha hii?"

"Wanafunzi mia nne hawangoji vitunguu viive, mke wangu. Chumvi ilikuwa njia ya mkato."

Kutembea ndiko kulikomuudhi, mpaka alipokupatia faida. Kuzunguka jengo la soko mara saba ni nusu saa. Akawa anazunguka asubuhi wenzake wakifungua maduka, na kwa kuwa macho hayaoni, masikio yalifanya kazi. Akajua nani ameleta mzigo mpya na nani anamdanganya mteja kuhusu pamba.

"Mama, unafukuzwa?" fundi alimuuliza mzunguko wa tano.

"Ningekuwa nafukuzwa ningepita kwako mara moja tu. Inuka na wewe, mgongo huo umekuwa ndoano."

Kufikia wiki ya pili fundi alikuwa anazunguka naye mara tatu, akilalamika kila kona. Pale kaunta soda ikaondoka, ukaingia mtungi wa maji. Bisi za chumvi zikaondoka, zikaingia karanga zisizotiwa chumvi, machungwa na ndizi nzima nzima. Chai ya vijiko vitatu vya sukari ikashuka hadi viwili, ikashuka hadi kimoja. Hapo ikagoma, naye akaiacha ilipo. Alianza kulala akiamka hajakunja uso, na ngazi za benki alizokuwa akizipanda kwa vituo viwili akazipanda kwa kimoja. Hakumwambia mtu. Mwenye mali nzuri hatangazi kabla ya soko kufunguliwa.

Siku ikafika. Kwenye lango la zahanati palikuwa na foleni, na Mama Mita, anayeamini foleni ni pendekezo tu, alibishana na mlinzi, akabishana na mwanamume mwenye mkongojo, akaingia ndani akihema na kuzungumza. Alipokuwa akivishwa kile kitambaa bado alikuwa anamsimulia nesi alivyomweza yule mlinzi.

Mia na sitini na sita.

Mpishi, aliyesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, akashika ukuta.

"Pima tena," akasema Mama Mita. "Nipunguzie hata saba."

"Sipunguzi," nesi akasema. "Ila nimekosea mimi, sikupaswa kukupima ukiongea. Presha hupimwa mtu ametulia. Kaa, egemea, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza. Dakika tano. Bila neno hata moja."

"Hata..."

"Hata hilo."

Mboga zilikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Kwenye benchi la pembeni, wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wanazungumza mapazia. Mmoja akataja bei aliyouziwa kitambaa duka la kona. Wizi mtupu, mchana kweupe! Mkono wa Mama Mita ukapapasa meza ukitafuta fimbo. Mwingine akasema, kwa sauti ya mjuzi, kwamba kitambaa kile hakipauki juani. Hakipauki! Kile kinapauka hata kwa mwanga wa mshumaa! Alifumba macho. Akavuta pumzi. Mpishi akamwekea kiganja begani, kizito kama kifuniko cha sufuria, akakiacha hapo.

Dakika tano zikaisha. Nesi akapima, akangoja kidogo, akapima tena.

"Mia na arobaini na nane," akasema. "Ya pili, mia na arobaini na sita. Ingia ndani."

Mama Mita akafungua mdomo. "Duka la kona," akawaambia wale wanawake akipita, "ni wezi."

Asubuhi iliyofuata upasuaji alirudi zahanati, nesi akamwondolea bandeji. Mwanga ukaingia kama mtu aliyevuta pazia zito lililosahaulika dirishani. Cha kwanza alichokiona ni uso wa nesi: mwembamba, kovu dogo kidevuni, nyusi zilizonyooka kama upindo wa fundi mzuri. Akaziangalia kwa muda. Hazikusogea.

"Kumbe," akasema. "Hata ningekuwa naona, nisingekupata."

"Jicho la kushoto ni kikundi kijacho," nesi akasema. "Bei ni ile ile."

Akarudi dukani wiki iliyofuata, amekatazwa kuinua majora, kwa hiyo fundi ndiye aliyemteremshia kutoka rafuni, akinung'unika. Kidonge alikuwa amemeza kizima. Kabla ya saa nne akaingia dada mwenye pochi nyekundu, na kweli ilikuwa kubwa kama godoro. Alitaka kitambaa kilekile cha safari ile, sasa cha dirisha la pili. Mama Mita akataja bei.

"Ghali mno," dada akasema. Akageuka kidogo kuelekea mlangoni.

Zamani Mama Mita angesema maneno kumi hapo. Safari hii aliweka miguu yote miwili chini, mkono juu ya kaunta, akafunga mdomo. Nyusi za dada zikapanda, zikashuka. Macho yakaenda mlangoni, yakarudi kwenye kitambaa. Yakaenda tena. Yakarudi.

Haikufika hata dakika moja, pochi ikafunguka.