Miiba ya Ningu

Juzi sokoni Nyamisangura niliinamia beseni la kambare, harufu ya tope ikanipanda puani, nikaganda. Muuzaji akauliza kama nanunua au naomboleza. Nilikuwa nimesharudi kijitoni kwetu Nyansurura, nina miaka tisa, gauni limelowa hadi magotini.

Kijito kile, jamani, ulikuwa unaweza kuhesabu kokoto zake ukiwa umesimama ukingoni. Miti ilikifunika pande zote mbili. Mvua za masika zikianza, samaki waitwao ningu walipanda kutoka mto mkubwa kuja kutaga, nasi tukawatega kwa matenga. Bibi mzaa baba, aliyebakiwa na meno manne na ulimi mkali, aliwapenda kuliko nyama. Ningu ana miiba myembamba chungu nzima, lakini bibi aliitema mmoja mmoja akaipanga ukingoni mwa sahani. Kambare hakumgusa. Alisema huyo ni wa watu wasio na mito.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Shamba la pamba la kijiji likapimwa hadi ukingoni mwa kijito kilekile, maana udongo wa pale ulikuwa mzuri. Siku ya kufyeka shule nzima tulitoka, na mwalimu akasema darasa litakalofika majini kwanza ndilo litakaloongoza nyimbo. Nilikuwa na panga la baba. Kichaka cha mwisho nilikiangusha mimi, jua likaingia majini, wakanishangilia. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Masika yaliyofuata maji yalikuja mazito, rangi ya chai ya maziwa. Bibi akaugua. Akakataa uji, akakataa maziwa, akawa anataka ningu tu. Nilitega siku tatu bila kupata kitu. Nilipoingiza mkono kutafuta kokoto, ulizama kwenye tope hadi kiwiko, tope la shamba letu. Siku ya nne akaingia kambare mmoja, sharubu zake ndefu, mwenye raha zake.

Nilimkata kichwa, nikamchuna ngozi, nikampika kwa karanga ili bibi asimtambue. Alitafuna taratibu, macho yananitazama.

"Umemtoa wapi ningu huyu?"

"Palepale, bibi."

"Mtamu," akasema, akamaliza.

Alifariki kabla pamba haijavunwa, na kwa miaka mingi nilijipongeza kwamba nilimdanganya vizuri. Baadaye nilikuja kujua kwamba ningu hutaga kwenye kokoto safi, na tope likizifunika harudi. Hilo nililikubali, ingawa kijito kile nakitamani mpaka leo na panga lile ningelitupa.

Lakini juzi, muuzaji alipompasua kambare mbele yangu, nikaiona ile nyama laini isiyo na miiba midogo, ndipo nilipoikumbuka sahani ya bibi ya siku ile. Ukingoni hapakuwa na mwiba hata mmoja.