Siku Mtani Alipotuomba Radhi

Juzi mwanangu alinifuata jikoni, hapa tunapoishi Mkomaindo, simu mkononi. Wenzake wamemwambukiza wazimu wa kuvua, basi anataka kuagiza fimbo ya dukani, zile za kushushia ndoana wima kwenye maji na kuichezesha juu chini. "Mama, nichukue ndefu au fupi?" Nikamjibu bila hata kugeuka, "Ndefu. Fimbo fupi inavua kivuli chako." Akacheka, akauliza nani kanifundisha. Nikasema, "Jirani yetu mmoja wa zamani." Nikaendelea kukuna nazi, lakini uso ulikuwa unaniwaka. Yule mama hakuwa jirani tu. Alikuwa mtani wetu, na neno hilo sikuwa na ubavu wa kulitamka mbele ya mtoto.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba, kijiji kimoja cha bondeni njia ya Ndanda. Chini ya mashamba kulikuwa na bwawa lililojaa mayungiyungi. Yule mama aliolewa kijijini kwetu akitokea Kitangari, na kwao huko juu alikulia kubeba ndoo za maji mlima na mteremko, kwa hiyo kila alipolitazama lile bwawa alitikisa kichwa. "Maji yamelala bure hivi, na watu wake wamelala vilevile," alikuwa akisema. Aliuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na alivua kuliko mwanamume yeyote pale.

Ukoo wake na ukoo wetu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mgeni angedhani kila asubuhi kuna ugomvi uwanjani. "We kizee, bado hujafa tu? Nimechoka kungoja ubwabwa wa matanga!" Bibi naye anajibu kutoka jikoni, "Nikifa nani atakupa chumvi, ombaomba wewe?" Mtani aliingia bila hodi, akafunua chungu, akaondoka na paja la kuku. Wiki haijaisha bibi keshaanua khanga mpya ya mtani kwenye kamba na kwenda nayo sokoni. Kununa ndiko kulikokuwa mwiko.

Kiangazi kimoja, mbaazi zikishavunwa, mtani alinichukua tukachague mwanzi wangu wa kuvulia. Mimi nilikimbilia wa kijani, unaong'aa. "Huo bado mtoto, acha ukue," akasema. Tukatafuta ulioanza kugeuka manjano, pingili zake zimekaribiana. Akaniambia niutikise kisha nitulize mkono. Ncha ikiendelea kutetemeka, huo ni mwongo, utakudanganya kila mara kwamba samaki amegusa. Urefu wake tuliupimia bwawani. Lazima nisimame nyuma ya matete, samaki wasinione, na ncha ifike kwenye uwazi ulioko ng'ambo ya mayungiyungi, ndoana ishuke wima. Mrefu mno nao unachosha mkono. Tuliuning'iniza juu ya moshi wa jiko la bibi, jiwe limefungwa nchani, hadi ukanyooka. Kila nilipopika ugali wa muhogo nilikuwa nautazama.

Baba alikuja likizo mwanzi ukiwa tayari. Alifanya kazi ofisini mjini, na safari hiyo alikuja na mkubwa wake wa kazi. Sijui hofu aliyokuwa nayo. Alipiga pasi hadi mashati ya kushindia, akamwomba bibi asikae chini mbele ya mgeni. Alitaka tuonekane watu. Basi tukaenda bwawani, mimi, baba na mgeni, nionyeshe ufundi wangu. Nikashusha ndoana, nikainua kidogo, nikashusha tena, mwanzi ukapinda. Alikuwa kambale mnene, mkubwa wa baba akapiga makofi kwa furaha.

Tulipokaribia nyumbani mtani akatoka kwake mbio. Akaninyang'anya mwanzi, akampokonya baba samaki. "Ukoo wenu tangu lini mkajua samaki? Rudini kwenye kisamvu chenu!" Akaweka mwanzi begani, akaanza kucheza kuelekea jikoni kwake. Mimi tayari nilikuwa nacheka na kumkimbiza, maana ndivyo ilivyokuwa. Unamfukuza mpaka jikoni, samaki anapikwa huko, mnakula pamoja huku mnatukanana.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya baba, akimwita mtani. "Tuheshimiane. Rudisha mali ya mtoto. Huo ni wizi."

Mtani akasimama. Alimtazama baba usoni, akingoja acheke. Baba aliujua utani, alizaliwa ndani yake, lakini wakati ule alikuwa anamtazama mkubwa wake. Yule mama akalaza mwanzi chini taratibu, akaweka samaki juu yake, akapiga goti. "Nisamehe, baba. Nimekosa."

Bibi alikuwa ametoka jikoni, unga mikononi, akasimama tu mlangoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Kambale alipikwa, mgeni akausifu mchuzi, na sisi wenyewe tulikula kama tumelazimishwa.

Kesho yake asubuhi bibi alijaribu kurekebisha. Akaingia kwa mtani bila hodi, akafunua chungu na kumtukana kama desturi. Mtani akainuka, akampa kigoda. "Shikamoo, dada. Karibu chai." Maisha yao yote hakuwahi kumwamkia bibi. Bibi akaitikia marahaba, akarudi nyumbani, akakaa kizingitini. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, na siku ile hakutoka tena.

Waliishi hivyo kwa adabu mpaka bibi alipofariki, nikiwa nimeshaolewa. Kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, anavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, mpaka wanaolia wanacheka na machozi yao. Mtani wetu alikuja mapema, akaleta unga, akaketi miongoni mwa wanawake akalia kimya ndani ya khanga yake. Vijana wa ukoo wake walibeba jeneza kwa utaratibu kabisa. Akina mama wakawa wanatazamana. Nami nilikuwa naomba kimoyomoyo mtu yeyote amtukane bibi yangu. Siku hizi utani wenyewe umebaki wa maneno ya kwenye simu, na mwanangu hajawahi kunyang'anywa tonge na mtu akalazimika kucheka. Lakini kwetu haukufa kwa sababu ya simu.

Tuliporudi kutoka makaburini baba alinishika bega. Mtani alikuwa hatua chache tu, anakunja mkeka. "Umeona?" baba akasema, sauti imejaa kuridhika. "Msiba wa heshima. Hakuna vurugu hata kidogo."

Yule mama aliacha kukunja, akaniangalia.

"Ndiyo, baba," nikajibu.