Pikipiki Ilifika Kwanza

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata chai hainishuki. Ni siku tuliyomzika bibi yangu kule Kumsenga. Miaka imepita mingi, nimezeeka, meno yamepukutika, lakini hasira ya siku ile sijaizika. Nilitaka nikae nayo mwenyewe mpaka nife. Sasa jana nimepita stendi pale Kasulu nikawakuta mnabishana, wewe na wenzako, mishipa ya shingo imewatoka: skuta na pikipiki ndogo, ipi inakimbia. Mmoja anasema skuta ni ya wadada. Mwingine anasema pikipiki yake ikishika lami hata basi linaomba njia. Mkacheka. Niliondoka bila kuwasalimia, kwa sababu ningefungua mdomo ningewatukana watoto wa watu. Leo nimetulia kidogo, kwa hiyo kaa hapo nikwambie.

Mimi nilikuwa na skuta. Usicheke. Nilikuwa kijana, nauza mikate Kasulu mjini, na skuta ile niliinunua kwa sista mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya zamani, gia zake za mkononi, ina kiti kipana cha nyuma chenye kiegemeo, na mbele miguuni pana sakafu bapa ambapo kreti la mikate lilikaa bila kufungwa hata kamba. Vijana wa stendi wakanibatiza jina la Sista. Sista kapita, Sista kaleta mikate. Mwanzoni niligombana nao, baadaye nikazoea, maana mikate walikuwa wananunua.

Onesmo, mtoto wa baba yangu mkubwa, yeye alikuwa na pikipiki. Pikipiki ndogo kama hizi zenu za bodaboda, mpya, kiti bado kina nailoni ya dukani. Na nitasema haki, hasira isinifanye niwe mwongo: ilikuwa na mbio kuliko skuta yangu. Kwenye tambarare nilikuwa namwona mgongo, namfuata. Tukianza kupanda vilima, simwoni tena. Magurudumu yake makubwa yalipita juu ya mashimo ambayo mimi niliyazunguka kwa kumwomba Mungu. Masika yakiingia, tope letu hili jekundu lilijaa kwenye tairi zangu ndogo mpaka zikagoma kuzunguka, nashuka, nachokonoa kwa kijiti. Gunia la maharage keria yake ilibeba, mimi ningejaribu ningeishia mtaroni. Hayo yote ni kweli na sikuwahi kuyakataa. Ila skuta ilikuwa chini. Mtu anaikalia kama anavyokalia kigoda jikoni, hakuna kurusha mguu juu.

Bibi alifariki nyumbani kwake. Alfajiri baba mkubwa Gervas, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, akapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, maana miaka ile mtandao ulikuwa wa kutafuta, akampigia Onesmo. Mimi sikuwa na simu. Onesmo akanifuata nikiwa nafunga mikate, simu haijakatwa bado, tukasikiliza wote, sikio lake na sikio langu kwenye simu moja. Baba mkubwa akasema mazishi ni leo leo, saa nane mchana, mwili hauwezi kukaa. Kilichobaki ni kumleta shangazi Skolastika.

Shangazi Skolastika alikuwa binti pekee wa bibi, ameolewa Titye. Nyumbani kwetu mama hazikwi binti yake akiwa bado njiani. Lazima amwone uso, amfunike kwa mkono wake, atupe udongo wake. Na shangazi huyo alikuwa na nyonga mbovu. Alianguka na mzigo wa mihogo alipokuwa na watoto wadogo, mfupa ukaunga vibaya. Alitembea kwa fimbo, na mguu wa kushoto ulikuwa haupanuki hata kidogo. Familia nzima ilijua. Onesmo alijua, kwa sababu sikukuu zote alimwona shangazi akikaa upande upande kwenye benchi la kanisa. Basi la Kibondo siku ile halikuwepo, barabara ilikuwa imeharibika.

Nikaichukua simu nikamwomba baba mkubwa niende mimi. Nikamkumbusha nyonga ya dada yake. Nikamwambia vilimani nitachelewa, hilo sikatai, lakini nikitoka sasa hivi tutawahi, na shangazi atakaa vizuri. Hakuniacha nimalize.

"Wewe Sista, huu ni msiba, siyo kupeleka mikate. Aende Onesmo, yeye ana chombo cha kukimbia."

Akakata simu. Onesmo akavaa jaketi, akawasha, akanipungia mkono kwa madaha yake yale. Mimi nikaendelea kufunga mikate. Kila mkate niliufunga vibaya. Mwisho nikajiambia kwamba baba mkubwa akitaka kunichapa atanichapa baada ya mazishi. Nikamwachia mikate mama jirani, nikashika njia ya Titye.

Sikufika hata nyumbani kwa shangazi. Nilimkuta pale njia ya Titye inapotokea barabara kubwa, amekaa chini ya upenu wa duka lililofungwa, miguu ameinyoosha, uso umelowa jasho wakati asubuhi ile ilikuwa na baridi. Akanieleza. Onesmo alifika mapema kweli. Wanawake wa jirani walimpandisha shangazi juu ya kigoda, wengine wakamshika kwapani, wakauvuta ule mguu kwa nguvu mpaka ukapita juu ya kiti. Alipiga kelele hadi watu wa mashambani wakasimama. Lakini alitaka kumwona mama yake, akavumilia. Kila shimo lilimpiga nyongani. Alipofika pale dukani akaomba ashushwe apumue kidogo. Onesmo akaangalia saa, akamwambia amsubiri hapo, yeye atatangulia Kumsenga akamtafutie gari. Akawasha, akaondoka.

Gari lipi, mwanangu? Kumsenga ile ya miaka ile nani alikuwa na gari? Hata leo nikilifikiria gari hilo naona kizunguzungu.

Nilimkalisha shangazi upande, mgongo kwenye kiegemeo, mguu mbovu ukashuka wenyewe bila kulazimishwa. Tukajifunga pamoja kiunoni kwa kitenge chake, tukaondoka. Hakulalamika. Alikuwa anaongea na mama yake taratibu nyuma ya shingo yangu, anamwambia amsubiri, anakuja. Kwenye tambarare tulikimbia vizuri. Vilima vilipoanza, skuta ikaanza kulia, nikawa naibembeleza kama mtu anayebembeleza ng'ombe mgonjwa. Kilima cha mwisho kabla ya Kumsenga tope lilitushika kabisa. Watu waliokuwa wanalima waliacha majembe yao wakaja kusukuma, shangazi akiwa juu, wala hawakutujua. Kila nilipochokonoa tope kwenye tairi nilimtukana Onesmo kwa sauti.

Tulipofika, wanaume walikuwa wananawa mikono.

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, msalaba umeshasimikwa. Onesmo alikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba, sahani ya ugali na maharage mapajani. Pikipiki yake imeegeshwa pembeni, imefutwa tope. Imefutwa tope, mwanangu! Alipata muda wa kuomba maji na kitambaa, akaisafisha mpaka rimu, shangazi yake akiwa amekaa chini barabarani anasubiri gari.

Na hilo silo lililoniua. Alipofika peke yake walimwuliza shangazi yuko wapi, na Onesmo akajibu kwamba shangazi amekataa kupanda. Hakusema ameshindwa. Hakusema nyonga. Hakusema nimemwacha dukani. Alisema amekataa, kwa sababu angesema ukweli ingeonekana pikipiki yake imeshindwa kazi. Baba mkubwa akasema kama chombo kile cha mbio kimeshindwa kumleta, basi hakuna kitakachomleta, na kwa kuwa mvua ilikuwa inafunga wakazika kabla hata ya saa iliyopangwa. Na wanawake jikoni walikuwa wameshaanza. Binti gani huyo anakataa kuja kumzika mama yake? Tuliyasikia kwa masikio yetu, tukiwa bado tumefungwa kitenge kimoja.

Shangazi alikifungua mwenyewe. Sikumsaidia kushuka, alishuka. Wala hakwenda kaburini kwanza. Alikwenda na fimbo yake mpaka mbele ya benchi, na watu wakaacha kutafuna.

"Onesmo, ulifika hapa saa ngapi?"

Onesmo akajibu kwamba alifika mapema sana, kabla hata ya katekista. Alijibu kwa kujivuna, hata hapo, hakujua swali linakwenda wapi.

"Ulifika na nani?"

Akaangalia sahani yake. Shangazi akamgeukia baba mkubwa.

"Kaka, sikukataa kuja. Waambie hawa wote kwamba sikukataa."

Baba mkubwa akaanza kueleza habari za mvua, habari za muda, na jinsi alivyochagua chombo cha haraka ili dada yake awahi. Mimi damu ilikuwa inanichemka, nikadakia. Nikasema wangenituma mimi tangu alfajiri, skuta yangu ingemfikisha na kaburi likiwa wazi. Nilisema kwa sauti, makusudi, wale wote walioniita Sista wasikie. Na kwa hesabu za barabara nilikuwa sahihi kabisa. Shangazi akanigeukia, na macho aliyonitazama nayo yalikuwa makali kuliko aliyomtazama nayo Onesmo.

"Na wewe nyamaza. Mama yangu yuko chini ya udongo, unataka nisifie skuta?"

Akaenda kaburini. Kupiga magoti alikuwa hawezi, akajishusha kwa fimbo akalala ubavu juu ya udongo mbichi, akawa anasema Mawe, Mawe, kama tunavyomwita mama kwa Kiha, mpaka mvua ikaanza kunyesha na bado yuko pale. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Uso wa mama yake hakuuona. Naye alifariki miaka kadhaa baadaye, na mpaka anafariki wako watu Kumsenga walioamini kwamba alikataa.

Baba mkubwa alikwenda Titye na mbuzi kuomba radhi. Shangazi alimpokea, wakachinja, wakala. Mimi nyama ile sikuigusa. Onesmo yuko hai, ana mvi kama mimi, tukikutana misibani tunapeana mikono na kuulizana habari za watoto. Hajawahi kusimama mbele ya watu akasema alidanganya. Padre ananiambia nimsamehe, nami namwambia padre bado. Ukiona nimekasirika kupita kiasi kwa ajili ya ubishi wa vijana stendi, ujue ndiyo hayo.

Sasa unataka kujua ununue nini, skuta au pikipiki ndogo. Nitakwambia, kwa sababu nimevipanda vyote viwili. Kama kazi yako ni ya mjini, mikate, mtungi wa gesi, kumpeleka mkeo kliniki, kumrudisha mama yako mwenye magoti mabovu kutoka kanisani, chukua skuta, na anayekucheka mwache acheke mpaka achoke. Kama unapanda vilima vyetu hivi masika na kiangazi na magunia mgongoni, chukua pikipiki, usijisumbue na tairi ndogo, tope litakuaibisha. Mbio za pikipiki ni kweli na mbio za skuta ni chache, hilo tumalize, msigombane tena.

Lakini kabla hujawasha chochote, mwangalie atakayekaa nyuma. Mwulize kwa mdomo wake kama ataweza kukaa, na akikwambia hawezi, mwamini. Usimpime kwa uwezo wa chombo chako. Ukishindwa njiani, kaa naye hapo hapo chini ya upenu mpaka msaada upite, hata kama waliokutuma wanakungoja, hata kama sifa zako zote zinapotea. Na ukifika bila yeye, sema umeshindwa. Useme mbele ya watu wote: nimeshindwa, yeye hakukataa. Hilo neno dogo lingetosha kumfanya shangazi yangu amzike mama yake, maana baba mkubwa angemngoja. Lilikuwa mdomoni mwa Onesmo, akalimeza pamoja na ugali.

Haya, nenda. Mungu akupe chombo kizima na moyo usioona haya kuchelewa. Akulinde vilimani, akulinde kwenye tope. Na siku utakayotumwa kumleta mtu kwa mama yake, Mungu akujalie umfikishe, amwone uso.