Ziwa la Mama Kioko

Sisi tuliokulia Changamwe kabla bendera haijabadilishwa hatukujua geti wala ukuta. Nyumba yetu ya makuti na nyumba ya Mama Kioko zilitumia ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo na kinu kimoja. Upande wetu asubuhi palinukia mahamri na mbaazi. Upande wao palichemka isyo, mahindi na maharagwe yaliyokaa motoni tangu jana. Mimi nilikula kote kuwili. Jioni tulicheza foliti mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, na mama akikuita ukachelewa kusema "abee," kofi lilikufikia kwanza. Watoto wa siku hizi wanacheza kimya kama wagonjwa, kila mtu na simu yake, hata huwezi kujua nani kashinda.

Baba yangu alikuwa na duka dogo lililouza sukari, mafuta ya taa na sigara moja moja kwa wafanyakazi wa reli na bandari. Baba Kioko alikuwa mmoja wao, Mkamba mpole aliyefanya kazi relini. Mke wake alijifungua Kioko majuma machache kabla ya mimi kuzaliwa. Mimi nilipozaliwa, mama alishikwa na jipu la ziwa, akalala kwa homa asijue mchana wala usiku. Mama Kioko alinichukua, akawa ananyonyesha wawili, Kioko kulia na mimi kushoto, mpaka mama alipopona.

Baba hakulifanya jambo lile siri. Alikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akaambiwa kunyonya ziwa moja ni udugu kamili. Nilipopata akili aliniita, akaniambia, "Kioko ni nduguyo. Kuolewa naye huwezi, na kumnyima chakula huwezi." Kioko, aliyekuwa amesimama pale akitafuna muhogo, alionekana kufurahia yote mawili.

Nilikuwa na umri wa kama miaka minane yalipoingia maneno ya majimbo. Watu wazima walizungumza barazani kwa sauti ya chini: nani mwenyeji, nani mgeni, uhuru ukija nani atabaki pwani na nani atarudi bara. Sisi watoto tuliyaokota maneno hayo tukaenda nayo chuoni. Siku moja msichana mmoja aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe, Mwanajuma, si wa hapa. Umenyonya maziwa ya bara. Ukikua utatembea na upinde kama Wakamba." Wote wakacheka. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama kama ni kweli mimi si wa hapa.

Mama alikuwa akikuna nazi. Hakuinua hata kichwa. "Mimi nilikuwa kitandani, sijui kama nitapona. Wewe walia kwa njaa. Yule ndiye aliyekulaza kifuani. Huyo mwenzio kama ana la zaidi, mwambie aje aniambie mimi."

Jibu lilinitosha siku ile. Lakini baada ya muda vijana watatu walikuja dukani wakamuuliza baba, "Mzee, hawa majirani zako wa bara wenda zao lini?"

Baba alikuwa akipima sukari, akaendelea kupima. "Yule mwanamke kamnyonyesha mwanangu," alisema. "Akenda, atakwenda kwa kupenda kwake. Mwataka sukari?"

Walinunua sigara wakaondoka. Hata hivyo habari zilimfikia Baba Kioko, na akaamua kumpeleka mkewe na mtoto kwao Ukambani mpaka mambo yatulie. Yeye angebaki na kazi yake. Mama alikwenda akamkuta Mama Kioko akifunga mizigo.

"Nani hapa aliyekufukuza?" mama alimuuliza.

"Hakuna, Mama Mwanajuma. Lakini mume wangu hapati usingizi."

Mama akakaa chini, akamsaidia kukunja nguo.

Waliondoka asubuhi nikiwa chuoni. Wazazi walidhani hivyo wangeepusha kilio. Niliporudi nilikuta mlango una kufuli na jiko la mawe lina majivu ya baridi. Sikulia. Niliacha kula, kidogo kidogo, bila kukusudia. Chuoni sauti haikutoka. Hata aya nilizozijua vizuri sikuweza kuzisoma. Mdako nikauacha, foliti nikaiacha. Zahanati walinipa vidonge vya malaria. Nyumbani niliandikiwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, nikanywa. Havikusaidia. Mwisho bibi yangu, mama yake baba, alinitazama nimelala mkekani, akamwambia mwanawe, "Mtoto huyu hana homa wala jini. Ana mtu. Mpeleke kwa mtu wake."

Baba alikuwa hajawahi kuvuka Mazeras. Alifunga duka, akavaa koti juu ya kanzu, na Baba Kioko akatukatia tikiti za daraja la tatu na kutueleza njia. Tuliteremka Emali asubuhi, kukiwa na baridi ya kuuma masikio. Tulitembea kwenye njia ya udongo mwekundu na watoto wakatufuata wakisema, "Waswahili! Waswahili!" na kumshangaa baba kwa kanzu yake. Ndipo nilipoona kwamba kule wageni tulikuwa sisi. Baba aliwasalimia kila mmoja kama waliokuja kununua dukani kwake.

Mama Kioko alikuwa shambani. Alipotuona aliweka jembe chini, akaja, akaninyanyua ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa, akanibana. Mama mkwe wake, kikongwe mwenye macho hafifu, akauliza jambo kwa Kikamba. Mama Kioko akamjibu, "Mwana wakwa." Kioko akanitafsiria haraka haraka: "Amesema wewe ni mwanawe." Kikongwe akanipapasa uso, akanishika sikio, akaniambia nikae karibu na moto.

Jioni ile nilikula bakuli zima la isyo. Wenyeji walimletea baba mbuzi na kisu, wakamwambia achinje mwenyewe kama dini yake inavyotaka. Baba hakuitarajia heshima ile. Tulikaa siku kadhaa, na sauti yangu ilirudi kwa kugombana na Kioko juu ya zamu ya kuchunga ndama.

Wakati wa kuondoka Mama Kioko aliniambia, "Nenda ule. Nikisikia huli, nitakuja nikuchape." Nikala. Uhuru ulipokwisha kupatikana na mtaa ukatulia, alirudi Changamwe, na Kioko alikuwa amerefuka, Kiswahili chake kimepinda kidogo. Tulimcheka wiki nzima.

Tangu hapo, aliyeniuliza mimi ni wa wapi hakunitia unyonge tena. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa, na kila mahali nilikuwa mtu mwenye mama wawili. Mama Kioko alipofariki, sisi tukiwa watu wazima, nilikwenda kanisani na buibui langu. Mchungaji akaomba watoto wa marehemu wasimame. Kioko akasimama, akageuka kunitafuta nyuma, akaningoja. Nikasimama.

Mwezi uliopita nilimpelekea mahamri mjukuu wangu, anayekaa katika ghorofa moja huko Nyali, akaniambia hana raha. Hajui yeye ni nani, na kuna masomo kwenye simu yanayomfundisha kujitafuta. Sikumcheka, ingawa nilitamani. Zamani hatukuwa na nafasi ya kujitafuta. Ukipotea, jirani anakurudisha kwenu akikuvuta sikio. Nilimuuliza tu jirani yake wa mlango wa pili anaitwa nani.

Akafikiri sana. "Ana gari jeupe," akasema.

Nikamwambia ajaze sahani mahamri, aifunike, twende tukapige hodi.